Uliniuliza Tulimzikaje Mama

Nakwa, Babati,
Jumapili, 9 Septemba 1984

Mpendwa Kaka Tadeo,

Shikamoo kaka. Naomba karatasi hizi zikukute mzima huko Sofia, na kile kifua chako kisiwe kimeanza tena kukusumbua, maana najua baridi yenu iko njiani. Sisi huku tunaamka salama. Baba anatembea na fimbo tangu mwezi wa sita, lakini shambani anakwenda kila asubuhi na hataki mtu amshike mkono. Mimi mdogo wako sijambo. Mvua zilituvunja moyo tena, mahindi ya Sigino na Mutuka yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, kwa hiyo tunakula unga wa njano wa msaada, ule ambao watu wameubatiza jina la yanga. Baba anasema unashibisha tumbo lakini hauridhishi mdomo. Ng'ombe wamebaki wawili.

Barua hii anaondoka nayo Eustace, mtoto wa katekista wetu, ambaye amepata nafasi ya masomo na atapita Dar es Salaam. Nimemwomba aitie posta kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana leo nitaandika kwa urefu na bila kujizuia.

Kaka, katika barua yako ya Krismasi uliniuliza tulimzikaje Mama. Mimi nilikuwa nimekuandikia mistari sita tu, kwamba amefariki tarehe 17 Julai na kwamba tumemzika kwa heshima. Nimekaa na swali lako miezi tisa. Mara tatu nimeanza kukujibu na mara tatu nimechana. Sasa nisikilize.

Mama alianza kulala kitandani mwezi wa pili mwaka jana. Uvimbe tumboni ulikuwa umekua. Hospitalini walimpokea vizuri, daktari akasema kweli kwamba hana cha kumpa, dawa zimekwisha, na kwamba nyumbani atapata angalau uji wa moto. Tukamrudisha. Kumuuguza si kazi iliyonichosha, kaka, kilichonichosha ni kufua. Shuka zilikuwa mbili, na alikuwa akizichafua mara tatu kwa siku. Sabuni haikuonekana Babati nzima tangu mwaka mpya. Nilifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu mpaka ngozi ya viganja ikafunguka. Mama alikuwa akigeuza uso ukutani kila nikimbadilisha. Unamkumbuka alivyokuwa msafi. Alisema, "Natalia, harufu hii siyo yangu."

Duka la kijiji lilikuwa na rafu na daftari la kaya, basi. Sukari ikija, nusu kilo kwa kaya. Chumvi ikija, watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakaweka mawe kushika nafasi zao. Kila mtu alijua bidhaa zipo mahali fulani. Redio, kwa wale waliokuwa bado na betri za kuanika juani, ilisema nchi imo vitani na walanguzi, na kila mwananchi amtaje anayemjua.

Baba, kama unavyojua, alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu Azimio la Arusha. Bendera ya Chama ilikuwa uani, na aliifua yeye mwenyewe. Aliamini, kaka. Wapo waliokuwa mabalozi kwa ajili ya kupata kilo ya ziada. Baba alikuwa akichukua nusu kilo yake mwisho, baada ya nyumba tisa.

Mzee Halidi unamkumbuka, mwenye duka lile la kona, kwenye barabara ya kwenda Kondoa, jirani yetu aliyekupa sanduku la safari ulipokuwa unaondoka. Aliishi pale na mkewe Mama Sadallah, na mama yake mzazi, Bibi Salme. Duka lake lilikuwa limebaki na viberiti na mkaa wa kupimwa kwa kopo. Lakini watu walisema usiku anauza vitu kwa bei ya kuruka. Sitakudanganya, ni kweli aliuza. Mimi mwenyewe nilimwendea mwezi wa tatu kumwomba sabuni kwa ajili ya Mama, akaniambia hana. Nilipokuwa natoka nikamwona mke wa ofisa mmoja anaingia na kikapu kitupu, na baadaye nikamwona anatoka kakishika kwa mikono miwili.

Tarehe 12 Aprili mgambo walikuja na gari kufanya msako. Kiongozi wao alikuwa mgeni, hatukumjua. Baba aliitwa asimame kama shahidi, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa katika kumi zake. Walikuta chumbani kwa Mzee Halidi, chini ya kitanda na ndani ya masanduku mawili, katoni nane za sabuni, majora manne ya kitambaa cha marekani na kanga doti ishirini. Mzee Halidi alisema alivinunua Arusha kwa fedha yake na kibali chake kilikuwa kinasubiri sahihi. Hakuna aliyemsikiliza. Chumba cha Bibi Salme hawakukipekua, maana walimkuta kwenye msala anasali na wakaona haya. Maelezo yakaandikwa, Baba akasomewa haraka haraka huku gari linaunguruma, akaweka dole gumba. Mzee Halidi alipandishwa garini bila viatu. Kutoka siku hiyo alikuwa mahabusu Arusha.

Baada ya hapo watu waligawanyika. Wengine walimshika Baba mkono barabarani. Wengine, hasa wale wa kona ya Kondoa, waliacha kumwamkia. Aliporudi kanisani alikuta benchi letu lina nafasi kubwa kuliko zamani. Hakulalamika. Alisema vita vina gharama. Na wewe ukaandika kutoka huko kumpongeza kwa kusimama imara, akanifanya nimsomee barua ile mara mbili, naye Mama akisikia kutoka kitandani.

Mama alifariki siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, watu wakiwa misani. Alikwenda polepole, mkono wake ukiwa katika mkono wa Baba.

Sasa nguo. Mbao za jeneza tulizipata, katekista alibomoa kabati lake la vitabu. Lakini nguo ya kumsitiri hatukuwa nayo. Shuka zile mbili zilikuwa zimeoza kwa majivu, huwezi kumvika mtu. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini nikaandikiwa kibali cha sanda, mita sita, kwa jina la Mama, Mektilda, kikagongwa muhuri. Nikakipeleka duka la serikali. Mwuzaji alikisoma, akakiweka juu ya rundo la vibali vingine vya marehemu, akaniambia kwa upole kwamba nguo haijafika tangu Mei na kwamba wengine wamezika kwa magunia ya katani. Nilimwambia Mama yangu hatazikwa kama mahindi. Akasema, "Dada, mimi nilimzika mwanangu hivyo."

Wako watu waliojua pa kupata nguo kwa njia ya nyuma. Shemeji yake katekista alimnong'oneza Baba. Baba akakataa mbele ya waombolezaji wote. Alisema hawezi kumpeleka Halidi mahabusu kwa ajili ya marekani, kisha amzike mkewe kwa marekani ya mlanguzi mwingine. Alisema Serikali imetoa kibali, na Serikali italeta.

Nilitoka nje nikaketi nyuma ya zizi. Hapo ndipo Bibi Salme alinikuta. Alikuwa amekuja msibani, kaka, yeye na mkwewe, ingawa mwanawe alikuwa ndani kwa dole gumba la Baba. Walikuwa wamekaa mkekani na wanawake wengine tangu jana yake. Aliniuliza kibali kimeleta nini. Nikamwambia. Akaniambia nimfuate. Chumbani kwake alifungua sanduku lake la mbao akatoa kitambaa cha bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, imewekewa karafuu maiti ya kunukia. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameinunua alipofiwa na mumewe na kuiweka miaka kumi na mbili. Nilirudi nyuma. Nikasema, Bibi, hapana, hiyo ni yako. Akasema, "Mimi bado napumua. Mama yako hapumui. Chukua kabla jua halijazidi."

Nilimwambia Baba kwamba kibali kimekubaliwa.

Tulimvika Mama nguo ile. Katekista aliinama juu yake, akasikia ile harufu ya sanda ya Waislamu, akaniangalia, akafunga kitabu chake. Na kaburini, baada ya sala, Baba aliomba kusema. Alishukuru majirani. Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba wapo wanaosema Serikali imetusahau, lakini leo wameona kwa macho yao: mke wa mkulima amezikwa kwa nguo nyeupe iliyotoka duka la umma kwa kibali halali, na kwa hiyo tusikate tamaa. Watu wakasema amina. Bibi Salme alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, amejifunika buibui. Naye alisema amina.

Mpaka hapa, kaka, ungeweza kufunga barua na kufikiri nimekwisha kukueleza kilichonisumbua. Sijakueleza. Kule nyuma, nilipokusimulia msako, nilisema maelezo yakaandikwa. Sikusema na nani.

Niliyaandika mimi. Kiongozi wa msako mwandiko wake ulikuwa mbaya, akauliza kama jirani kuna mwalimu. Wakaja kuniita nikiwa nafua. Alinitamkia na mimi nikaandika. Alipofika mahali bidhaa zilipopatikana, nilianza kuandika chumbani. Akanizuia. Akasema chumbani ni kesi ndogo, inachukua muda, na wakubwa wanataka kesi zenye uzito. Akaniambia niandike kwamba vitu vilikutwa vimefukiwa shimoni nyuma ya nyumba, tayari kuvushwa mpaka. Nilinyanyua kalamu. Akaona mikono yangu, akaniuliza kwa nini iko hivyo, nikamweleza habari za Mama. Basi akaenda garini akarudi na mche mmoja wa sabuni, akauweka mezani kando ya karatasi. Nikaandika shimoni.

Aliyemsomea Baba ni mimi pia. Unajua Baba anasoma herufi kubwa za gazeti tu, mwandiko wa mkono humshinda. Nilipofika pale nikasoma "chumbani", huku macho yangu yanaona "shimoni". Akaweka dole.

Ule mche niliukata vipande sita. Mama alinusa shuka ya kwanza akatabasamu. Nilifurahi, kaka. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli: kwa wiki tatu nilikuwa na furaha, na jirani yetu alikuwa amelala sakafuni Arusha.

Mwezi wa kumi Baba aliletewa hati ya kuitwa shahidi. Akaanza kujiandaa. Jioni akipukuchua mahindi alikuwa akijisemea: nilisimama mlangoni, nikaona chini ya kitanda, nikaona masanduku mawili. Siku ya tatu nikatambua kwamba atasimama mbele ya wakubwa aseme chumbani, na karatasi yenye dole lake itasema shimoni, na watasema amehongwa na mlanguzi. Wangeweza kumfunga yeye. Nikamwambia yote, hapo hapo penye mahindi. Nilianza na shimo, nikamaliza na sanda.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliendelea na gunzi lililokuwa mkononi mpaka likaisha. Kisha akasema, "Nilishukuru Serikali mbele ya yule bibi." Akarudia tena. Akachukua kofia yake akaenda kwa Bibi Salme, akakaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Walichozungumza hajaniambia hadi leo.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa Mama Sadallah. Alikuwa anachambua mchicha. Nilimweleza nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Aliuliza swali moja tu, kama Mama aliutumia ule mche wa sabuni. Nikasema ndiyo, wiki tatu. Akasema afadhali. Halafu akasema nisikanyage tena kwake mpaka mwenye nyumba atakaporudi, na kama hatarudi, nisikanyage kabisa.

Tulikwenda Arusha mimi na Baba, siku mbili njiani kwa sababu basi liliishiwa mafuta tukalala ndani yake. Mbele ya wakubwa Baba alisema alichokiona. Wakamsomea karatasi. Akasema dole ni lake lakini maneno si yake. Wakamuuliza nani aliandika. Akatazama chini, akasema aliandika mtu aliyemwamini. Wakamwambia taja jina. Akanyamaza. Wakamwonya. Akaendelea kunyamaza, mzee wa miaka sitini na mitano, kofia mkononi, katambuga miguuni. Nikasimama pale nyuma kwenye benchi. Nikasema, "Ni mimi, binti yake. Mwandiko ni wangu."

Walinihoji siku nzima. Niliwaambia kuhusu sabuni. Mmoja wao aliandika neno hilo kisha akaliangalia muda mrefu. Mzee Halidi alikuwa kizimbani, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Hakunitazama hata mara moja.

Waliniacha nirudi. Nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa shule ya mbali, natembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baba aliondolewa ubalozi. Walipokuja kuchukua bendera aliwakabidhi ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Mzee Halidi aliachiwa mwezi wa pili mwaka huu, miezi kumi tangu akamatwe. Hatukuambiwa kama ni kwa maneno yetu au kwa sababu mahabusu walikuwa wamejaa. Bidhaa zake hazikurudi.

Na sasa, kaka, tazama mambo. Tangu bajeti ya mwezi wa sita imeruhusiwa mwenye fedha zake kuleta vitu kutoka nje na kuviuza. Kanga zimetundikwa sokoni mchana kweupe. Sabuni ipo, ingawa bei yake inamfanya mtu ashike kichwa. Baba anapita katikati ya nguo hizo na fimbo yake, anagusa pindo, anaondoka. Juzi aliniuliza: kama hili ni halali leo, lile la Halidi lilikuwa nini? Na kama lile lilikuwa kosa, hili ni nini? Nilimwambia nchi inajifunza. Akasema hakatai nchi ijifunze, lakini anataka kujua nani atakwenda kumwomba radhi mtu aliyefanywa somo. Ninyi mnaosoma uchumi huko labda mnalo jibu, na kama unalo mwandikie, lakini kwa lugha ya kawaida. Usimpongeze tena kwa lolote.

Baba aliuza ndama, akanunua bafta mpya akampelekea Bibi Salme. Bibi aliipima kwa mkono, akaivuta nyuzi, akasema ni nzito kuliko ile ya zamani na kwamba amepata faida. Walicheka wote wawili. Mimi nilibaki nje ya ua, kwa sababu Mzee Halidi alikuwa hajaniita.

Aliniita wiki iliyopita. Nilimkuta barazani, mezani kuna karatasi na kalamu, mkewe na mama yake wameketi karibu, na Baba pia alikuwa ameitwa. Alisema anataka kuomba leseni yake upya na barua iende wilayani. Kaka, Mzee Halidi anaandika vizuri kuliko mimi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mwandiko wako wanauamini. Kaa." Nikakaa. Alitamka polepole: jina lake, duka lake, miaka aliyofanya biashara. Alipofika kwenye sababu ya kufungwa kwa duka akaniambia hapo niandike ninachokijua. Niliandika kwamba bidhaa zake zilikutwa chumbani kwake. Akasema nisome kwa sauti. Nikasoma. Akamgeukia Bibi Salme, akamuuliza kama amesikia. Akamgeukia Baba, naye akaitikia. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena mpaka mwisho. Ndipo alipochukua kalamu akatia sahihi yake.

Mama Sadallah aliniletea chai. Haikuwa na sukari. Nilikunywa yote.

Nimekueleza, kaka, sasa unajua dada yako ni mtu gani. Ukikasirika, nikasirikie mimi, Baba mwache. Ukiweza kunijibu, nijibu hata mistari sita, kama nilivyokufanyia mimi.

Baba anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Katekista na jumuiya yote wanakusalimu. Bibi Salme anauliza kama huko kuna jua. Pokea salamu zangu nyingi, na Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Natalia Melkiadi